Nakudai Kaburi

Mambo haya yalitokea mwaka 2024, mwishoni mwa kiangazi, wakati korosho zilipokuwa zimeanza kudondoka na mto Ruvuma umepungua hata mafungu ya mchanga yakaonekana katikati yake. Nayaandika kwa utaratibu kwa sababu nimeyasikia yakisimuliwa ovyo sokoni, na marehemu aliyedhulumiwa akiwa hai hastahili kudhulumiwa tena kwa maneno ya ovyo.

Kijiji chetu cha Namikowe kipo si mbali na Mahurunga, juu kidogo ya bonde. Ukisimama nyuma ya shule unaiona Msumbiji: minazi ileile, moshi uleule wa mashamba yanayochomwa, na upepo ukiwa mwema unasikia adhana ya upande wa pili ikifuata ya kwetu. Hakuna nyumba hapa isiyo na bibi au babu aliyevuka maji. Jambo hilo halikuwa siri, wala halikuwa aibu. Kwa miaka yote niliyofundisha hapa, lilikuwa kichekesho.

Thabiti Nandonde alikuwa Mmakonde, mkulima wa korosho na mihogo, mtu wa miaka hamsini na minane. Mama yake, Bi Mwanaidi, alivuka mto akikimbia vita vya Mreno, naye ni mjamzito, akapokewa na Wayao wa ukoo wa Kalembo. Thabiti akazaliwa uani kwao. Mkunga aliyemkata kitovu alikuwa Bi Safina Kalembo, ambaye mwaka uliofuata alijifungua mtoto wake mwenyewe, Zuberi. Watoto hao wawili nikawapokea darasa la kwanza pamoja, wakakaa dawati moja, na nikawaadhibu pamoja mara nyingi kwa kosa lilelile: kucheka wakati wa somo.

Walikuwa watani. Mmakonde na Myao hutaniana tangu zamani, na utani wa hawa wawili ulikuwa umekolezwa na ujirani. Nadhani msomaji anaujua utani. Lakini pengine hajui ulivyo kwetu wakati wa msiba. Kwetu, anayechimba kaburi ni mtani wa marehemu. Huja amevaa nguo za marehemu, huiga mwendo wake na kikohozi chake, na shimo likishakamilika hulala ndani yake akakataa kutoka mpaka wafiwa wampe kitu, kwa kawaida kuku. Wafiwa hulia na kucheka kwa pamoja. Walimu wageni waliopangiwa shule yetu waliuona mwenendo huo kuwa ni ushenzi. Mimi niliwaambia wangojee mpaka wafiwe.

Thabiti aliwachimbia makaburi wazazi wote wawili wa Zuberi. Zuberi alimchimbia Bi Mwanaidi. Kwa hesabu yao, basi, Zuberi alikuwa akidaiwa kaburi moja, na deni hilo lilikuwa salamu yao ya kila siku.

"Nakudai kaburi, Myao!" Thabiti angesema akipita na baiskeli.

"Kufa basi nikulipe!"

"Nife nikuachie nani? Mikono yenyewe hiyo haiwezi kuchimba hata shimo la mhogo."

Ndivyo walivyoamkiana kwa miaka mingi. Sikumbuki kuwasikia wakisema "hujambo."

Mwaka huo ulikuwa wa kuchagua serikali za vijiji. Mwenyekiti wetu, Yusufu Chimbuli, alikuwa amekaa katika kiti hicho muda mrefu kiasi cha kukiona kuwa ni cha baba yake. Mashamba ya bondeni, ambayo watu walilima mpunga tangu enzi za vijiji vya ujamaa, yalikuwa yameanza kugawiwa wageni bila mkutano mkuu kuulizwa. Wazee na vijana wakamwendea Thabiti wakamwomba agombee. Alikataa, akaombwa tena, akakubali kwa sharti moja: akichaguliwa, kila jambo la ardhi litasomwa hadharani mbele ya wanakijiji wote. Yusufu aliposikia sharti hilo aliacha kumsalimu.

Juma lile akafariki mzee mmoja wa mtaa wa juu, naye pia Mmakonde, na Zuberi akaja matangani kufanya kazi ya mtani. Alikuwa amejifunga tai ya gome la mgomba na kuvaa miwani ya waya. Kwapani alishika kipande cha boksi, akijifanya karani wa kuandikisha wapiga kura. Akatembea kati ya waombolezaji kwa madaha mpaka akasimama mbele ya Thabiti.

"Jina!"

"Thabiti Nandonde."

"Kabila!"

"Mmakonde."

"Mmawia! Nimeandika Mmawia, Mmakonde wa ng'ambo, na wino umekauka. Umezaliwa wapi?"

"Hapahapa Namikowe."

"Mwongo mkubwa! Umekuja ndani ya kikapu cha mihogo mikavu. Baba yangu alimwambia mpiga kasia, 'Mihogo naichukua, hicho kitoto kitupe mtoni.' Mpiga kasia akasema, 'Haiwezekani mzee, vinauzwa pamoja.'"

Watu walicheka hata mjane akafunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, na hiyo ndiyo maana ya kumwita mtani msibani. Thabiti alicheka kuliko wote. Kijana mmoja alikuwa ameinua simu yake akirekodi. Hakuna aliyemkataza, kwani lipi lilikuwa la kufichwa?

Majina ya wagombea yalipobandikwa, Yusufu aliweka pingamizi. Alisema kwamba Thabiti Nandonde si raia wa nchi hii, na kwamba ushahidi ni maneno ya mtu aliyelelewa naye mlango kwa mlango. Yusufu si mgeni wa utani. Mwaka juzi tu, alipomzika mama yake, alimtoa Zuberi kaburini kwa jogoo wawili, kwa kuwa mmoja Zuberi alimkataa kwamba ana sura ya mfiwa. Alijua barabara alichokuwa akikifanya.

Shauri lilisikilizwa katika darasa la nne. Afisa aliyeletwa kusimamia uchaguzi alikuwa kijana mpole kutoka bara, jina lake Dickson, aliyeshika amri za karatasi zake kama mtu anayevuka daraja la mti mmoja. Nilikaa dirishani pamoja na Mwaisha, mke wa Thabiti. Thabiti alikuwa na kadi yake ya kupigia kura, lakini kitambulisho cha taifa alikuwa bado anakingojea kama wengi wetu wa mpakani, na cheti cha kuzaliwa hakuwa nacho. Ni nani aliyezaliwa uani mwaka ule akawa nacho?

Dickson aliweka simu mezani. Sauti ya Zuberi ikajaza chumba: kikapu, mihogo mikavu, mpiga kasia. Watu waliojaa madirishani wakaanza kucheka upya.

"Mzee Zuberi," Dickson aliuliza kwa adabu, "sauti hii ni yako?"

Zuberi alikuwa na nafasi ya kujibu kama mtu mzima. Lakini Thabiti alikuwa ameketi hatua chache mbele yake, amevaa kanzu iliyopigwa pasi kwa ajili ya shauri, na mtani akimwona mtani wake amevaa kanzu ya pasi hawezi kunyamaza.

"Ni yangu, mheshimiwa, na sijamaliza. Mwangalie huyu Mmawia alivyojipamba. Kanzu ameiazima, na kesho mwenyewe anaitaka."

Kicheko kikapasuka. Dickson akamgeukia Thabiti. "Na wewe, Mzee Nandonde, una la kusema juu ya maneno haya?"

Nilimwona Mwaisha akishika nondo za dirisha. Thabiti alipaswa kusema maneno machache tu. Lakini alikuwa ameishi miaka hamsini na minane bila kumkanusha mtani hata siku moja, kwa sababu anayemkanusha mtani husema kwamba alikuwa amechukia. Na aliamini, Mungu amrehemu, kwamba chumba kile kilikuwa chake kama kilivyokuwa cha watu wengine wote waliokuwemo. Akajibu alivyozoea.

"Bwana mkubwa, usimsikilize. Mpiga kasia alikuwa ni baba yake huyu. Ndiyo maana mtoto hajui jembe mpaka leo, anajua kasia tu."

Wakacheka hata watoto waliokuwa uwanjani. Yusufu hakucheka. Dickson aliinama akaandika, na nilipoona kalamu inakwenda nilisimama.

"Bwana Dickson, huo ni utani."

"Mwalimu, utani naujua. Hata kwetu tupo na watani wetu," alijibu, bila jeuri yoyote. "Lakini nimeuliza mtu kazaliwa wapi, nikajibiwa kwa mzaha. Mzaha sina pa kuuandika. Ninachoweza kuandika ni kwamba ameulizwa na hakukanusha."

"Andika basi kwamba kicheko kilijaa chumba."

"Hilo nalo halina mahali." Kisha akasema jambo ambalo lazima nilitaje kwa haki yake. "Nitangoja mpaka kesho adhuhuri. Mzee Zuberi mwenyewe, maana maneno ni yake, aje ale kiapo kwamba alitania, na aseme ukweli anaoujua juu ya kuzaliwa kwa mwenzake. Akiapa, pingamizi nalitupa."

Watu walitoka wakiwa na furaha, kana kwamba shauri limekwisha. Zuberi alitoka akiiga namna Dickson alivyoshika kalamu.

Asubuhi yake Mwaisha alinipitia twende pamoja kwa Zuberi, ili asichelewe. Tulimkuta ameketi kwenye kizingiti, miguu mitupu, chai imepoa kando yake. Hakutania. Alitukaribisha kwa adabu, na adabu ile ndiyo iliyonitisha.

"Shemeji," Mwaisha alisema, "vaa viatu. Adhuhuri si mbali."

"Shemeji, mtani haapi juu ya mtani. Nikiapa leo kwamba nilisema uongo, utani umekufa. Wazee waliotuachia watasema nini?"

"Utani na ufe, mume wangu abaki."

Zuberi akatazama miguu yake. Nikamwambia, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia darasani, "Zuberi, mama yako alikueleza habari za kitovu cha Thabiti mbele yangu. Alikuonyesha mpaka mkorosho kilipozikwa. Hiyo si hadithi ya wazee, hiyo ni shahada unayodaiwa."

"Yusufu alikuja alfajiri," alisema.

"Akasema nini?"

"Aliniuliza babu yangu kazikwa wapi."

"Wapi?"

"Ng'ambo."

Mwaisha alitoa sauti iliyokuwa kama kicheko. "Na wa kwangu je? Na wa Yusufu mwenyewe?"

"Wa Yusufu hakuna anayemuuliza," Zuberi alijibu. "Mimi nina watoto sita, shemeji. Mmoja yumo chuoni kwa mkopo wa serikali. Wakianza kufukua makaburi ya babu zetu, wataishia wapi?"

Tulikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikaingia chini ya baraza. Mwaisha alipiga magoti, na sipendi kuandika habari ya mwanamke mzima kupiga magoti mbele ya mwanamume anayelia. Adhuhuri ikapita. Dickson alingoja hata swala ikaisha. Kisha akalifuta jina la Thabiti, na jalada, kwa kuwa sasa lilikuwa limeandikwa jambo la uraia, likapelekwa mjini.

Siku ile nilikumbuka tulivyofundishwa chuoni, na tulivyofundisha, kwamba taifa hili halina kabila. Tuliwafundisha watoto Kiswahili safi, tukawaambia lugha za nyumbani waziache nje ya mlango wa darasa kama viatu. Tulifaulu sana. Mngoni, Mmakua, Myao na Mmakonde waliweza kuketi dawati moja na tofauti zao zikabakia katika vichekesho, mahali ambapo hazingeweza kumuumiza mtu. Ndivyo tulivyodhani. Hatukujua kwamba pale pale kwenye vichekesho ndipo zilipokuwa zimehifadhiwa nzima, zinangoja mwenye haja nazo.

Thabiti aliitwa mjini mara kadhaa. Alipita kwa binti yake, mtaa wa Shangani hukohuko mjini, akalala huko, asubuhi akaingia katika ofisi ambayo sitaitaja, akangojea benchini mpaka jioni. Mwishoni afisa mmoja, ambaye Thabiti alisema hakuwa mbaya, alimweleza njia. Kama yeye si mtu wa ng'ambo, basi alete barua ya wakubwa wa kijiji alichotoka mama yake, waseme kwamba hawamtambui. Nchi moja ikimkana, nyingine itakuwa na sababu ya kumpokea.

Nilikuwepo siku aliyoondoka kwenda kuitafuta barua hiyo. Ilikuwa juma la mwisho kabla ya kura, na joto lilikuwa limekaa juu ya kijiji kama kifuniko cha sufuria. Alifunga mkoba wa plastiki kifuani, ndani ya shati, akashuka kwa njia inayopita mbele ya nyumba ya Zuberi. Akasimama.

"Myao!"

Zuberi alikuwa akianika korosho. Hakuinua uso.

"Myao, naenda kutafuta watu wa kunikana. Wewe umeshindwa kunikubali, labda wao wataweza kunikataa. Deni langu liko palepale, nakudai kaburi!"

Akangoja. Ilikuwa zamu ya Zuberi kusema "Kufa basi nikulipe," na njia nzima tulisimama tukiingojea kauli hiyo. Zuberi akaendelea kutandaza korosho kwa kiganja. Thabiti akangoja kidogo zaidi, kisha akashuka mtoni.

Yaliyotokea ng'ambo tuliyasikia baadaye kwa Hemedi, mtoto wa mjomba wake Thabiti, aliyerudi naye katika mtumbwi.

Mjomba mwenyewe, kaka yake Bi Mwanaidi, alikuwa bado hai, mzee kipofu, naye ndiye aliyesikilizwa katika kijiji kile. Thabiti hakuwahi kumwona. Mzee alimpapasa uso, akapapasa masikio, akasema haya ni masikio ya dada yangu. Waliposomewa haja iliyomleta, mzee hakuelewa. Wakamweleza tena. Alipoelewa alikasirika sana.

"Niseme simjui? Mtoto wa dada yangu?"

Kwa Wamakonde mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Mjomba anaweza kumnyima mpwa wake shamba, anaweza kumpiga, lakini kumkana hawezi. Afadhali amkane mwanawe mwenyewe. Thabiti alimwomba usiku na mchana. Alimweleza kwamba upande wa pili ana mke, ana korosho, ana kaburi la mama yake. Mzee akasema, "Yote hayo tutakupa hapa, isipokuwa kaburi." Akaamuru achinjwe mbuzi. Kijiji kizima kikala kwa kumshukuru Mungu kwamba damu ya Mwanaidi imerudi, na katibu wao akaandika barua nzuri yenye muhuri, kwamba Thabiti Nandonde ni wao, anatambulika, ana haki zote.

"Alipoipokea alicheka mpaka akatoa machozi," Hemedi alisema. "Tukadhani ni furaha."

Walivuka kurudi asubuhi. Maji yalikuwa haba, na viboko walikuwa wamekusanyika katika mkondo mmoja uliobaki na kina. Hemedi alisema hakumwona kiboko. Aliona mtumbwi ukisimama wima tu. Yeye aliangukia upande wa mchanga. Thabiti aliangukia upande wa mkondo.

Wavuvi wa Msimbati walimkuta kwenye mikoko karibu na mlango wa mto, wakamleta katika gari la kubebea samaki, amefunikwa turubai, barafu ikiyeyuka chini yake. Mkoba ulikuwa bado umefungwa kifuani. Karatasi ilikuwa imelowa hata haikusomeka, imebaki alama ya muhuri tu, duara lisilo na neno ndani yake.

Gari lilifika siku ya uchaguzi. Watu walikuwa wamepanga mstari mrefu kutoka mlango wa darasa la nne mpaka barabarani, na dereva, asiyejua nyumba ya marehemu, akasimama pale kuuliza. Kwa hiyo, licha ya yote, Thabiti alifika kwenye kura.

Imamu akauliza kama maiti azikwe au ingojewe ruhusa ya mjini, kwa kuwa jalada lilikuwa halijafungwa. Yusufu alikuwa kivulini. Alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa msaada, "Wajomba zake si wamekwisha kumkubali? Warudi naye."

Hemedi, ambaye alikuja na gari lile akiwa amefungwa mkono kwa kitambaa, alijibu kwa Kiswahili cha kuungaunga, "Sisi tunamchukua. Ni wetu. Mtupatie tu."

Mwaisha akasikika kutoka ndani ya gari, alikokuwa ameshika miguu ya mumewe. "Alivuka ili abaki kando ya mama yake. Hatavuka tena."

Macho yote yakamgeukia Dickson, aliyekuwa ametoka mlangoni na kalamu sikioni. Alitazama turubai.

"Zikeni," alisema. "Makaburi hayamo katika kazi yangu." Akarudi ndani, na mstari ukasogea.

Ndipo Zuberi alipotoka katika mstari. Alikuwa amebakiza watu watatu kuufikia mlango. Alipita mbele ya Yusufu bila kumwangalia, akaenda kwake kuchukua jembe na sururu, na akaingia katika shamba la Thabiti, kwenye mikorosho, mahali alipozikwa Bi Mwanaidi.

Vijana walimfuata kumsaidia, akawafukuza. Ardhi ya mwisho wa kiangazi ni kama tofali, na mizizi ya mkorosho hukimbia chini kwa chini. Alichimba peke yake, mtu wa miaka hamsini na saba, mpaka waliokuwa wamekwisha kupiga kura wakaanza kuja mmoja mmoja na kusimama pembeni. Hakuwa amevaa nguo za marehemu. Hakuiga mwendo wala kikohozi. Walikuja wakitarajia, kwa mazoea, kisha wakaona kwamba hakuna cha kutarajia.

Mwaisha alikwisha kuingia eda, hawezi kutoka. Akaniita ndani, akanipa kuku mweupe aliyefungwa miguu.

"Mwalimu, mpelekee mtani haki yake. Asije akasema tumemdhulumu."

"Nimwambie nini?"

Akaniambia la kumwambia. Kwetu wanawake hawaendi kaburini. Lakini kaburi lile lilikuwa bado ni shimo, nami ni mwanamke mzee, na hakuna aliyethubutu kunizuia.

Zuberi alikuwa amekwisha kuchonga mwanandani, shimo la ndani la kumlaza maiti. Amesimama ndani, ardhi ikimfikia mabegani, mikono imechubuka. Nikamweka kuku ukingoni.

"Mwaisha amekuletea haki yako. Anasema lala, udai, kama ilivyo desturi."

Hakulala. "Mwambie sidai kitu," alisema. "Nadaiwa."

"Anajua. Anasema kaburi ni deni la wazazi wako, na hilo umelilipa. Anauliza la kwako utalilipa lini, na kwa nani."

Watu walikuwa wamejaa kati ya mikorosho: waliopiga kura, wavuvi wa Msimbati, Hemedi na mkono wake. Yusufu naye alikuja, maana kiongozi haachi kuonekana msibani. Na jioni ile ndiye aliyetangazwa mshindi, kwa kuwa hakubaki mtu wa kushindana naye. Zuberi aliwatazama wote kwa mzunguko, kutoka chini, kama mtu aliyeko kisimani. Kisha akasema, bila kupaza sauti, na kila neno likasikika.

"Thabiti Nandonde alizaliwa hapa Namikowe, uani kwetu, mvua ya kwanza ya mwaka sitini na sita ikinyesha. Mama yangu, Safina Kalembo, ndiye aliyemkata kitovu, na kitovu chenyewe kimezikwa chini ya mkorosho ule." Akanyoosha kidole, na watu wakageuka kuutazama. "Wallahi, nayajua haya tangu utoto. Nilikuwa nayajua darasani nilipokuwa nacheka. Nilikuwa nayajua siku ya pili, niliponyamaza. Babu yangu mimi alizaliwa ng'ambo, akazikwa ng'ambo. Anayetaka kuandika na aandike."

Hakuna aliyeandika. Hakuna aliyecheka pia. Yusufu alitazama saa yake.

Jeneza lilikuwa limekwisha kufika. Mimi nikarudi nyuma mpaka penye mstari wa mikorosho, ninapopaswa kuwa. Nikamwona Zuberi akimfungua kuku yule kamba za miguu na kumwachia aende. Kisha akapangusa viganja kwenye shati, akainua mikono yote miwili juu ya ukingo wa kaburi.

"Nipeni Mmakonde wangu," alisema, akampokea.